"Padre alifukizwa ubani": neno moja la Kiingereza limeniponza, naombeni msaada

Binti Steshenari (Dodoma mjini)

Mbukwenyi wakuu. Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu habari za jioni.

Nina kibanda cha steshenari hatua chache kutoka Jamatini. Natoa kopi, napiga picha za paspoti, nachapa barua za kuomba kazi, na dirishani nilikuwa nimebandika karatasi: TUNATAFSIRI KIINGEREZA NA KISWAHILI, 3,000 KWA UKURASA. Karatasi hiyo nimeibandua Jumatatu. Naeleza kwa nini, na mwishoni nina swali. Chekeni mtakavyo lakini msikimbie kabla ya kunijibu.

Wiki mbili zilizopita alikuja katekista wa kigango kimoja cha njia ya Hombolo na barua ya kurasa mbili kutoka Uingereza. Imeandikwa na mpwa wa padre mzungu aliyehudumu pale miaka ya 80, ndiye aliyewatafutia fedha za kisima cha pampu ya mkono. Padre sasa ana miaka 84, miguu imekataa, barua anaandikiwa na huyo mpwa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwepesi: salamu, baridi, mbwa wao amekufa (hilo nililitafsiri sawasawa). Ukurasa wa pili nikakutana na hii:

"Father was incensed when he heard that the pump had been left to rust."

Kutu niliijua. "Incensed" sikuwahi kuliona popote. Nikafungua kamusi ya kwenye simu, nikaandika "incense", ikanipa: ubani, uvumba, udi. Nikafurahi kabisa. Mtu ni padre, neno ni ubani, vitu vinavyokwenda pamoja kama ugali na mlenda. Ile "was" na "-ed" ni kutendwa, hilo nilikaririshwa tangu kidato cha kwanza. Kwa hiyo: alifukizwa ubani. Kilichonisumbua ni "when he heard". Kwa nini mtu afukizwe ubani kwa kusikia habari ya pampu? Nikajiambia labda ni desturi ya huko kwao kumwombea mzee aliyepata habari mbaya, au huyo mpwa haandiki vizuri. Basi nikamnyooshea sentensi yake. Hapo ndipo nilipojiponza. Nikaandika:

"Padre alifukizwa ubani baada ya habari za pampu kuachwa ikaota kutu."

Katekista akalipa 6,000 zake akaondoka. Jumapili, kwenye matangazo baada ya komunyo, akaisoma barua nzima mbele ya watu.

Sasa mnajua mambo yalivyo kwetu Wakatoliki. Kwenye misa ya mazishi jeneza linanyunyiziwa maji ya baraka na kufukizwa ubani. Na hata asiye Mkatoliki anajua kuwa "kutoa ubani" ni ile pesa unayopeleka kwa wafiwa. Aliyesikia kwamba padre amefukizwa ubani alisikia jambo moja tu. Akina mama wa nyuma wakaangua kilio. Mzee mmoja wa kamati ya maji akakaa akashika kichwa, maana sentensi yangu inasema wazi kwamba kilichomuua ni pampu, na mwenye funguo ya pampu ni yeye. Misa haijaisha, kapu limeshapita: 47,500 za ubani.

Jioni katekista akapiga simu Uingereza kutoa pole. Simu ikapokelewa na marehemu.

Nasikia aliuliza kwa kile Kiswahili chake cha zamani, "Amekufa nani?" Na kabla hajajibiwa akauliza pampu imefikia wapi.

Swali langu ni hili. Inakuwaje neno moja liwe ubani na hapo hapo liwe hasira? Mimi niliyekaa peke yangu kibandani na simu ningejuaje? Na kubwa zaidi, nimeagizwa niandike tangazo la kusahihisha lisomwe Jumapili hii, nitumie neno gani la Kiswahili? "Alikasirika" naliona jepesi. Sentensi inayofuata ya ile barua inasema mzee alikataa chakula cha mchana na akadai aletewe kalamu.

Konda wa Nkuhungu

"Simu ikapokelewa na marehemu." Dada, nimecheka mpaka abiria wananiangalia. Hizo 47,500 zimerudishwa au zimekwenda na maji?

Binti Steshenari

Zimewekwa kwenye mfuko wa pampu. Kaka, swali nimeuliza la lugha.

Mzee wa Chaki (Mpwapwa)

Marahaba binti. Usiirudishe ile karatasi dirishani bado, lakini usiichane. Kosa lako ni la mtu anayefikiri. Mvivu angeiruka sentensi na hakuna ambaye angejua.

Nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, na nitakuanzia mbali kidogo, maana hili neno ni tamu.

Mzizi wake ni Kilatini, "incendere", yaani kuwasha moto, kutia kiberiti. Kutoka hapo njia ikagawanyika. Kanisa likachukua kile kinachochomwa, "incensum", ndio ubani. Njia ya pili ikabeba kuwaka kwa moyo wa mtu. Zote mbili zikaingia Kiingereza kupitia Kifaransa, zikaishia kuandikwa herufi zile zile. Kwa hiyo kamusi yako haikudanganya, ilikupa ndugu wa kwanza badala ya wa pili. Wako ndugu wengine kwenye ukoo huo: "incendiary", la kuchoma moto, na "candle", mshumaa, ambalo limetoka kwenye kitenzi jirani cha Kilatini, cha kung'aa. Hata neno lao la mgombea, "candidate", ni la kung'aa huko huko, kwa sababu waliotaka uongozi Roma ya kale walivaa joho lililopaushwa likawa jeupe pe. Hilo la mwisho halikuhusu, ila mtu anayeishi Dodoma apaswa kulijua.

Tofauti ya kwanza ni ya mdomo. Ubani wanautamka kwa kukaza mwanzo, IN-sens. Hasira wanaikaza mwisho, in-SENS. Usishangae, nasi tunayo: "barabara" ya magari na "barabara" ya kusema mambo yamekwenda sawasawa. Herufi hizo hizo, mkazo umehama, maana imehama. Ila karatasi haina mdomo, ndiyo maana ulikwama.

Tofauti ya pili ndiyo itakayokusaidia kibandani. Tazama kinachofuata neno. Kikiwa altare, jeneza, kitabu cha Injili, huo ni ubani. Kikiwa habari, uamuzi, dharau, jambo fulani lililotendwa, hiyo ni hasira. Mara nyingi utaona "at", "by" au "that" imesimama mlangoni, au kama kwenye barua yako, "when he heard". Anayefukizwa ubani haulizwi kwa nini. Mwenye hasira ni lazima awe na sababu, na sentensi yako ilikuwa imekupa sababu mkononi, ukaitupa ukidhani mpwa amekosea. Anayeandika lugha yake mwenyewe hukosea pia, lakini mshuku wa mwisho, si wa kwanza.

Kama una Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, fungua Isaya 41:11. Neno ni hilo hilo, "incensed", na hakuna chetezo pale. Biblia yetu ya Kiswahili imeandika "walioona hasira". Kuona hasira. Watafsiri wale walikuwa na masikio.

Nikirudi nitakujibu kuhusu Kiswahili chake. Maji yametoka, napanga ndoo.

Mbishi wa Kizota

Hapa mnazunguka. Hasira ni hasira. Andika "alikasirika sana", tangazo limeisha, watu waende nyumbani kula.

Binti Steshenari

Shikamoo Mwalimu, na asante. Ile ya barabara imeniingia. Nimejaribu kulitamka mara mbili peke yangu hapa, mteja wa kopi kadhani naumwa.

Mbishi, kaka yangu, "alikasirika sana" nilikuwa nayo tangu Jumatatu. Lakini ukimwambia mama aliyelia kanisani kwamba padre "alikasirika sana", atauliza alimkasirikia nani, na yeye alilia kwa nini. Nataka neno ambalo akilisikia ataona mzee ameketi kwenye kiti amefura, hataki kula.

Mtumikiaji wa Zamani (Kondoa)

Naingia kwa jambo dogo. Nilibeba chetezo miaka sita nikiwa kijana. Mwalimu yuko sahihi, ila binti asidhani "alifukizwa ubani" ni la wafu peke yao. Kwenye misa kubwa, baada ya kufukiza vipaji na altare, padre mwenyewe anafukizwa, halafu watu wote wanafukizwa wakiwa hai na wamesimama. Kwa hiyo sentensi yako haikuwa mbovu kiliturujia. Iliua mtu kwa sababu ya ile "baada ya habari". Ubani ukija baada ya habari mbaya, kila mtu anajua ni habari gani.

Na kuhusu utamkaji: kitenzi cha kufukiza nacho kinakazwa mwanzo, kama jina la ubani. Ni kile cha hasira tu kinachokazwa mwisho.

Mzee wa Chaki (Mpwapwa)

Asante Mtumikiaji, hilo lilinipita.

Ndoo zimejaa, tuendelee. Binti ameuliza Kiswahili chake, na Mbishi amesema hasira ni hasira. Nianze na Mbishi. Bwana, "sana" ni kama chumvi. Ukiitia kwenye kila chungu, mwisho hakuna anayeonja tena. Kiswahili hakina njaa ya maneno ya hasira hata tutembee na neno moja na "sana" yake.

Waingereza wanayo mengi, na kila moja lina picha yake, nyingine zao na zetu zinafanana mpaka unatabasamu. "Irritate" ni udhia mdogo unaorudiarudia, na ndilo hilo hilo la ngozi inayowasha. Sisi tunasema upupu unawasha, pilipili inawasha, na mtu wa maneno ya pembenipembeni anakera. Kwa mbu utatumia "irritate". Hakuna mtu aliyepata kuwa "incensed" kwa ajili ya mbu, labda mbu awe ameajiriwa na jirani. "Exasperate" limetoka kwenye Kilatini cha kitu kilichokwaruza, kisicho laini; hilo ni la mtu aliyeishiwa uvumilivu, kama mwalimu wa kidato cha pili saa nane mchana mwezi wa kumi, jua la Mpwapwa likiwa juu ya bati. Huyo hajatukanwa na mtu. Amechakaa tu.

"Aggravate" lina kisa chake. Asili yake ni kuongeza uzito, na wakali wa Kiingereza kwa muda mrefu wamesisitiza libaki hapo: kuzidisha ugonjwa, kuzidisha kosa. Watu wa kawaida hawakuwasikiliza, wamelitumia kwa kuudhi kwa karne kadhaa. Ukiona linatumika kwa kidonda, ni kuzidisha. Kwa mtu, ni kuudhi. Ukiwa unamwandikia mzungu mzee aliyesoma sana, liache kwa kidonda.

Ninalolipenda kuliko yote ni "rile". Limetokana na "roil", kuvuruga maji mpaka tope lipande juu. Sasa sikiliza: Kiswahili tunasema kutibua maji, na tunasema fulani amenitibua, nyongo imenitibuka. Picha ile ile, kisima kile kile, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Nikikutana na "rile" situmii dakika mbili. Ni kutibua.

Turudi kwa padre. "Incensed" ni moto. Na moto wa hasira sisi tunao wa kutosha: hasira zikamwaka, akamwakia, akachemka, akafoka. Hilo la kufoka watoto wa siku hizi wanadhani ni kupiga kelele tu, lakini chungu cha uji kikipanda na kumwagika nacho kinafoka. Lakini usichukue lolote kati ya hayo kwa padre. "Aliwaka" linamfanya aonekane mgomvi, na "alifoka" linataka awepo mtu wa kufokewa. "Incensed" si hasira ya mgomvi. Ni ya mtu aliyeona jambo lisilo haki, lenye dharau ndani yake: ametoa jasho, ametafuta fedha, amerudi kwao, kazi yake imeachwa ikaota kutu. Neno ni kughadhibika. Ghadhabu ni nzito, ina heshima, na ina sababu.

Na hili ulishike kuliko yote niliyosema, binti. Kiingereza kinapenda kusema mtu "was incensed", kana kwamba amefanyiwa. Usikimbilie "alighadhibishwa". Kwetu ukiweka -ishwa, msikilizaji anakaa macho akisubiri useme na nani. Hapo hakuna nani, kuna habari tu. Kiswahili kina -ika kwa kazi hiyo: alighadhibika, aliudhika, alikereka. Magazeti yamejaa "alikasirishwa na kitendo cha", nami kila nikiisoma nasikia mwandishi akihesabu maneno ya Kiingereza kwa vidole.

Mbishi wa Kizota

Sawa mwalimu, kwa -ika nimekubali. Lakini "alighadhibika" kijijini njia ya Hombolo nani atalielewa? Bibi yangu wa kule anaongea Kigogo kutwa, Kiswahili anakitumia kliniki na kanisani.

Mzee wa Chaki (Mpwapwa)

Umesema mwenyewe, na kanisani. "Ghadhabu" kanisani analisikia tangu alipobatizwa.

Mbishi wa Kizota

Haya.

Karani wa Baraza (Singida)

Heshima kwenu. Mwalimu ameliruka neno moja ambalo kwangu ndilo lenye kesi, "provoke". Naliongeza kwa sababu binti anatafsiri kwa malipo, na siku moja atakuja mtu na karatasi za mahakama.

Tangu mwaka 2021 sheria imetamka kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini nyaraka za Kiingereza bado zinaletwa kwetu tuzitafsiri. Kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 201, kuna jambo linaloitwa "provocation". Mtu akiua kwa ghadhabu ya ghafla iliyosababishwa na aliyofanyiwa, kabla ghadhabu hiyo haijapata muda wa kupoa, kosa linashuka kutoka kuua kwa kukusudia na kuwa kuua bila kukusudia. Tazama moto wa mwalimu ulivyo hata kwenye sheria: hasira ina joto, na swali la jaji ni kama ilipata nafasi ya kupoa. Kifungu cha 202 kinaeleza kuwa ni kitendo kiovu au tusi linaloweza kumnyang'anya mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia, na huyo mtu wa kawaida ni wa jamii anayotoka mshtakiwa. Kwa hiyo tusi lenyewe halipimwi kwa kamusi. Linapimwa kwa watu wa mahali pale.

Sasa hatari yenyewe. Kijana mmoja wa kuchapa aliwahi kuniletea tafsiri ambayo "provocation" ameiandika "uchochezi". Nilishtuka nikaweka kikombe chini. Kwetu uchochezi ni kosa lingine kabisa, ni la kuchochea watu dhidi ya serikali au kundi dhidi ya kundi. Mtu aliyetukanwa mama yake kilabuni amegeuzwa kuwa mchochezi, wakati yeye ndiye aliyechokozwa! Andika kuchokozwa, au kughadhibishwa ghafla. Na hapa, Mwalimu, kwa ruhusa yako, -ishwa ndipo mahali pake, kwa sababu mahakama inataka kujua na nani.

"Provoke" kwa asili ni kuita kitu kitoke, kutoka "vocare", kuita. Ndiyo maana halikai kwenye hasira peke yake. Linaweza kuita kicheko, mjadala, hata kikohozi. "Incense" haliwezi, ukilitoa kwenye hasira linarudi kwenye chetezo. Na tofauti nyingine, anayekuchokoza mara nyingi amekusudia. Waliomghadhibisha padre hawakukusudia chochote. Walisahau tu kutia grisi.

Mzee wa Chaki (Mpwapwa)

Karani, ruhusa umepewa. Na "vocare" hilo hilo ndilo lililozaa "vocation", wito. Padre wetu aliitwa mara mbili.

Binti Steshenari

Nimewasoma wote mara mbili, na za Karani nimezichapa nimebandika ukutani, upande wa ndani. Hii hapa rasimu. Nirekebisheni kabla ya saa tisa, katekista anapitia akitoka soko la Majengo.

"Tumsifu Yesu Kristo. Katika barua iliyosomwa Jumapili iliyopita kulikuwa na kosa la tafsiri. Padre wetu hakufariki. Yu hai na anawasalimu. Kilichoandikwa ni kwamba alighadhibika aliposikia kuwa pampu imeachwa mpaka ikaota kutu. Kosa ni la mtafsiri, si la katekista wala la mpwa wa Padre. Michango iliyotolewa imewekwa kwenye mfuko wa pampu."

Mzee wa Chaki (Mpwapwa)

Nzuri. "Yu hai" ipandishe ikae ya kwanza. Usianze na kosa la tafsiri, wenye presha hawatafika mwisho wa sentensi.

Mtumikiaji wa Zamani (Kondoa)

Na usiseme "hakufariki", inasikika kama alijaribu. Sema "hajafariki", au liondoe kabisa, "yu hai" inatosha.

Karani wa Baraza (Singida)

"Kosa ni la mtafsiri" liache. Wengi wangelificha.

Konda wa Nkuhungu

Mimi naomba tu mtu arekodi.

Binti Steshenari

Narudi na majibu, Jumatatu jioni.

Tangazo limesomwa. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa benchi la nyuma na akina mama wale wale. Katekista alipofika "yu hai" wakapiga vigelegele, nami nikadhani yamekwisha. Alipofika "alighadhibika" kanisa likanyamaza. Mbishi, bibi yako na wenzake wamelielewa bila shida. Mama mmoja pembeni yangu akamnong'oneza mwenzake, "Heri tungebaki na msiba."

Baada ya misa mzee wa kamati ya maji akanifuata nje. Nilijiandaa kwa lolote. Akaniuliza tu, "Kwa hiyo binti, amekasirika au ameghadhibika?" Nikamwambia ameghadhibika. Akatikisa kichwa, akatoa funguo mfukoni, akaiangalia, akasema, "Angekasirika ningemwandikia barua."

Fundi ameitwa leo asubuhi kutoka mjini. Ameifungua pampu, kasema mabomba yako salama, kinachotakiwa ni raba ya ndani na washa mbili. Zile 47,500 zinatosha na usafiri wake unabaki juu. Katekista amekuja tena kibandani na barua ya kumjibu Padre, safari hii ni Kiswahili kwenda Kiingereza, na anataka mzee aelezwe kila kitu kilichonunuliwa.

Raba ninaijua. Hiyo washa wanaiitaje kwa Kiingereza? Nauliza kabla ya kuandika.